Serikali ya Kijiji Haikai Katika Faili

Katika mwambao wa Mrima, tangu Bagamoyo hadi Saadani, neno "diwani" lina umri mkubwa kuliko serikali ya Mjerumani na ya Mwingereza. Kabla liwali wa Sultani wa Zanzibar hajaketi Bagamoyo, miji ya pwani hii iliongozwa na majumbe na madiwani wa Kishomvi. Hao ndio walioamua kesi, wakapatana na watu wa bara, wakapokea ushuru wa biashara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika habari zao katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Kwa maelezo yake mtu hakupata ujumbe bure: alitoa ada, akaulisha mji, na wakubwa wenziwe wakamkubali mbele ya watu.

Hatuutamani utawala ule. Ulikuwa utawala wa waungwana juu ya watumwa, na mjakazi hakuulizwa neno barazani. Lakini jambo moja ndani yake lafaa tulikumbuke: cheo kilimgharimu aliyekitaka, na mambo ya cheo yalifanywa mbele ya macho ya mji. Leo diwani na mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kwa kura ya mkulima, mvuvi, mama lishe na karani, bila kuulizana nasaba. Hayo ni matunda ya uhuru, na hatuna budi kuyalinda. Twauliza tu: je, hesabu za vyeo hivyo nazo zafanywa mbele ya macho ya watu?

MKUTANO CHINI YA MWEMBE

Swali hilo lilitujia siku tulipohudhuria mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Bagamoyo, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam. Jina lake tunalihifadhi, kwa sababu yaliyotokea pale si ya kijiji kimoja. Tangazo lilisema saa tatu asubuhi. Saa nne wazee kumi na wawili walikuwa wameketi chini ya mwembe. Saa tano watu walifika sabini hivi, katika kijiji chenye watu wazima zaidi ya elfu. Vijana wengi walikuwa pwani wakingoja vyombo virudi, au kituoni na bodaboda zao wakitafuta abiria. Waajiriwa wa serikali wanaoishi kijijini hapo hawakuonekana kabisa.

Ajenda ya tatu ilikuwa taarifa ya mapato na matumizi. Mtendaji alisema kwamba taarifa ipo, imo katika faili, na faili limepelekwa kata. Mwenyekiti akataka waendelee na ajenda ya nne. Hapo mama mmoja mtu mzima alisimama, akaomba radhi, akauliza shamba la minazi la kijiji, lililotengwa kwa ajili ya shule, limeuzwa lini, na nani aliridhia. Akajibiwa kwamba mkutano mkuu uliridhia mwaka uliotangulia, na muhtasari upo pamoja na orodha ya waliohudhuria. Yule mama akaomba orodha isomwe. Nakala ilikuwamo katika mkoba wa mjumbe mmoja wa halmashauri, naye akaisoma. Jina la saba lilikuwa la mume wa mama yule.

"Tarehe hiyo," alisema mama, "mume wangu alikuwa na miezi mitano kaburini. Nani alimwamsha akaja kutia sahihi?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama chini. Mtendaji akasema jambo hilo litachunguzwa, na mkutano ukaahirishwa. Watu walitawanyika wawili wawili, wakisema kwa sauti ndogo yale ambayo wangeyasema kwa sauti kubwa chini ya mwembe kama wangalikuwa mia saba badala ya sabini.

Ndugu wasomaji, sheria ya nchi haikumsahau mama huyu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya mwaka 1982, imeuweka mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, juu ya mambo yote ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, ni mtumishi wa mkutano huo. Mkutano hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ilitungwa baada ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi na kusikiliza malalamiko ya ardhi katika mwaka 1991 na 1992. Sheria hiyo yasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia.

Basi waliouza shamba lile waliijua sheria vizuri. Ndiyo maana walihitaji orodha ya mahudhurio. Walihitaji majina ya watu, ila watu wenyewe hawakuwahitaji. Huu ndio ugonjwa tunaotaka kuuzungumzia leo: serikali ya kijiji imetoka chini ya mwembe ikahamia katika faili, na mwenye kushika faili ndiye mwenye kijiji.

YALIYOTOLEWA KWA AMRI

Ugonjwa huu haukuanza jana. Baada ya Wajerumani kuuvunja upinzani wa pwani, na Bushiri bin Salim kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Waliwatumia maakida na majumbe kuamrisha kazi na kukusanya kodi ya nyumba. Jumbe aliyekuwa mtu wa mji akawa mtu wa boma. Waingereza nao walikuja na Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, wakatafuta machifu wa kuwatawalia. Pwani, ambako machifu wa namna waliyoitaka hawakupatikana kwa urahisi, waliendelea kuteua maliwali. Mwaka 1953 walitunga sheria ya serikali za mitaa ili kuanzisha mabaraza mapya, lakini ufunguo ulibaki mkononi mwa Bwana Shauri.

Tulipojitawala, mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikawa mikononi mwa wananchi waliochaguliwa. Halmashauri hizo zilibeba mzigo mkubwa wa shule, zahanati na barabara kwa mfuko mdogo. Nyingine zilielemewa, na nyingine zilikula fedha. Mwaka 1969 kodi yao kubwa ilifutwa. Mwaka 1972 likaja agizo la Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Za miji zikafuata.

Nia ya agizo lile ilikuwa njema, nayo ilikuwa kuyatoa maamuzi Dar es Salaam na kuyaleta karibu na wananchi. Lakini waliokuja karibu walikuwa maofisa, na aliyeondoka ni diwani. Mwananchi aliyekuwa na mtu wa kumwuliza "fedha yangu iko wapi?" akabaki na mtu wa kumwandikia barua. Mijini taka zilirundikana na mifereji ikaziba. Kipindupindu kilipozuka mwishoni mwa miaka ya 1970, kila mtu aliona kwamba mji hauwezi kuzoa taka zake kwa amri ya mkoa. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha na za wilaya, zikaanza kazi mwaka 1984, na mwaka huohuo Katiba ikaongezewa ibara ya 145 na ya 146 ili serikali za mitaa ziwe na mahali pake.

Mwalimu Nyerere hakulificha kosa hilo. Katika mazungumzo yake ya mwaka 1984 alikiri kwamba, kama angaliweza kuanza upya, asingezivunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Twaona fahari kuwa na mwasisi aliyeweza kusema hivyo angali madarakani. Lakini kukiri kwa kiongozi hakutoshi ikiwa wafuasi hawakujifunza.

Je, tulijifunza? Mwaka 1998 ulitolewa waraka wa sera ya uboreshaji wa serikali za mitaa, uliotaka madaraka yagatuliwe katika siasa, katika fedha na katika utawala, na uhusiano wa serikali kuu na halmashauri ubadilike kutoka kuamrisha hadi kuelekeza. Utekelezaji ulianza mwaka 2000 na kuendelea kwa awamu mbili mpaka 2014. Mazuri yalifanyika: wahasibu wakaongezeka, ukaguzi ukakaza, madiwani wakafundishwa kazi yao. Hata hivyo ukiitazama njia yote tangu 1926, utaona jambo moja halikubadilika. Madaraka ya mitaa hutolewa kwa amri kutoka juu, na kilichotolewa kwa amri hurudishwa kwa amri. Mwenye kupewa hakuulizwa alipopewa, wala haulizwi anaponyang'anywa.

KIJIJI KINAPOMEZWA NA MJI

Katika pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam jambo hili lina uchungu wa peke yake, kwa sababu mji unatembea. Msasani na Kunduchi vilikuwa vijiji vya wavuvi. Leo vimo ndani ya Manispaa ya Kinondoni, na mvuvi wa Kunduchi huanika nyavu zake kando ya kuta za hoteli. Bunju nayo ilikuwa mashamba, sasa ni nyumba. Mji umevuka mpaka na kuingia Wilaya ya Bagamoyo, kata za Mapinga na Kerege, ukaelekea Zinga na Kiromo. Palipokuwa na mikorosho pana vigingi vya viwanja, na kila wiki gari geni husimama kando ya barabara, mtu akashuka na kuuliza, "Hapa mwenyewe nani?"

Wengi hudhani kwamba kijiji kinapogeuka mji kimepandishwa daraja. Barabara zitachongwa, taa zitawaka, na maji ya Ruvu, ambayo kwa miaka mingi yamepita katika mabomba kwenda kunywesha Dar es Salaam, huenda nayo yakamfikia mwenyeji. Hatukatai. Lakini yafaa mwananchi ajue anachokipoteza siku hiyo. Halmashauri ya kijiji ni chombo kamili cha kisheria: ina mhuri wake, yaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna nguvu hiyo. Una mwenyekiti na kamati ndogo, ambao wanaweza kushauri, kupatanisha na kuandika barua za utambulisho. Ardhi iliyokuwa ya kijiji huingia katika ardhi ya jumla, na uamuzi juu yake huhamia kwa maofisa wa mipango miji na wa ardhi. Yule mama wa chini ya mwembe, ambaye jana sheria ilimpa haki ya kukataa uuzaji wa shamba, siku ya pili ana haki ya kupeleka maombi.

Kwa hiyo twasema: daraja la mahali hupanda na daraja la mkazi hushuka. Watu waerevu walilijua hili mapema. Ndiyo maana ardhi ya vijiji vya kando ya barabara hununuliwa kwa haraka na kwa siri kabla ya mji kufika, wakati bei ni ndogo na sahihi ya mwenyekiti bado ina thamani.

Tumeona pia upande wa pili, ambapo uamuzi mkubwa hushuka kutoka juu na kijiji hungoja. Makubaliano ya ujenzi wa bandari ya Bagamoyo yalitiwa sahihi mwezi Machi 2013, na jiwe la msingi likawekwa mwezi Oktoba 2015. Mwaka 2019 mazungumzo yalikwama, na mwaka 2021 yakatajwa tena. Katika miaka hiyo watu wa Mlingotini, Pande na sehemu za jirani waliishi kwa kungoja. Wako waliolipwa wakahama, na wako waliobaki. Mtu anayengoja kuhamishwa hapandi mnazi, haezeki upya, wala hajui amwoze binti yake wapi. Hatubishi kwamba nchi yahitaji bandari. Twasema kwamba serikali ya kijiji yenye nguvu ingaliuliza kwa niaba ya watu wake swali dogo: "Tutajua lini?" Na aliye juu angalilazimika kulijibu.

Jiji nalo limeonja dawa hiyohiyo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochaguliwa kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, wananchi walifurahi kwa kuwa mji umekuwa wao. Lakini Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996 na Tume ikatawala mpaka mwaka 2000. Ikavunjwa tena mwezi Februari 2021, na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Huenda sababu zilikuwapo kila mara. Tume ile ilisafisha mji, na baraza la juu ya manispaa lilikuwa na gharama zake. Tunalolihesabu ni kwamba mfanyakazi wa Buguruni au wa Manzese hakupigia kura lolote kati ya hayo. Alisikia katika redio.

MFUKO MTUPU

Wako wasemao kwamba serikali za mitaa hazifai kupewa madaraka kwa kuwa hazina fedha, na hazifai kupewa fedha kwa kuwa hazina uaminifu. Huo ni mduara wa punda wa kinu. Tuutazame mfuko wenyewe.

Kodi ya maendeleo, aliyoijua kila mtu mzima kwa jina la kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Hatuililii: ilimfukuza maskini vichakani. Lakini pengo lake lilizibwa kwa ruzuku kutoka juu, na anayelishwa kwa mkono wa mwingine hasemi anapotaka. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, jambo lililomfaa mkulima na kuibana halmashauri. Kodi ya majengo, ambayo ni chanzo cha asili cha mji, ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa pamoja na umeme wa LUKU. Mpangaji wa chumba kimoja anaponunua umeme hulipa kodi ya nyumba isiyo yake, wala hajui imekwenda wapi.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliwekwa kisheria mwaka 2018. Ikasimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Na hapa twarudi chini ya mwembe. Kikundi hewa hakiwezi kupita mbele ya mkutano wa watu wanaofahamiana. Kila mtu kijijini anamjua anayekausha dagaa na asiyekausha. Kikundi hewa hupita katika faili. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaongeza kwamba daftari lisilosomwa mbele ya watu ni sawa na kutokuwapo.

Jirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, nazo Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu zimo. Katiba hiyohiyo ikazihakikishia kaunti zote kwa pamoja sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fungu hilo haliwezi kufutwa kwa tangazo la waziri. Hata hivyo wenyewe wamelalamika kwamba pamoja na madaraka, ulaji nao umegatuliwa. Tujifunze yote mawili: fungu lililokingwa na Katiba ni ngao, lakini ngao haimzuii mwizi aliye ndani ya nyumba. Anayemzuia ni mwenye nyumba aliye macho.

LAWAMA YETU

Gazeti la chama lisilojikosoa ni karatasi ya kufungia maandazi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 24 Novemba 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilisusia, na katika sehemu nyingi wagombea wetu walipita bila kupingwa. Katika ule wa tarehe 27 Novemba 2024 Chama cha Mapinduzi kilitangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Wako waliopiga ngoma. Sisi twaomba ngoma inyamaze kidogo tufanye hesabu.

Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Ikiwa karibu kila mwenyekiti ni wetu, basi karibu kila shamba la shule lililouzwa kwa siri limeuzwa na mtu wetu. Karibu kila taarifa ya mapato isiyosomwa haikusomwa na mtu wetu. Hatuna wa kumsukumia. Aliyechukua viti vyote amechukua na lawama yote. Na mwenyekiti aliyepita bila kupingwa hana budi kujiuliza usiku, peke yake, kama watu walimkubali au walinyamaza tu, kwa maana kimya cha watu kina siku yake ya kusema.

Twasema haya kwa mapenzi ya chama. Ahadi za mwanachama zatutaka tuhesabu cheo kuwa dhamana, na tuihesabu rushwa kuwa adui wa haki. Kura za maoni za matawi yetu zinapouzwa kwa kanga na bia, tunakuwa tumeuza shamba la minazi kabla mwenyekiti hajashika kalamu. Aliyenunua cheo ataurudisha mtaji wake, wala hana pa kuutoa isipokuwa katika ardhi ya kijiji. Wale majumbe wa zamani walitoa mali na mji ukala. Huyu wa leo hutoa kwa wachache ili aje ale mali ya wote.

YATUPASAYO

Tufanye nini basi? Hatuombi sheria mpya kwa kila jambo. Yaliyomo katika sheria tulizo nazo yakitekelezwa, nusu ya ugonjwa itapona.

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu bila kukosa, siku na saa ambayo mvuvi yuko nchi kavu na mkulima yuko nyumbani. Mtu anayeitisha mkutano saa ya bamvua hataki watu.

Pili, mapato na matumizi yabandikwe ukutani penye kivuli cha kila mtu, yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida na kwa tarakimu kubwa, kisha yasomwe kwa sauti, kwa maana wazee wengi macho yao hayasomi tena. Mtendaji anayesema taarifa iko kata, aambiwe mkutano utamngoja aende akailete.

Tatu, muhtasari wa kila uamuzi wa ardhi usomwe tena katika mkutano unaofuata, pamoja na majina ya waliohudhuria, kabla ya mtu yeyote kupewa hati. Yule mama ametufundisha kwamba orodha ikisomwa mbele ya walio hai, marehemu hawawezi kupiga kura.

Nne, na hili ni la watunga sheria, mtaa wa mjini upewe nguvu ya kweli. Mkutano wa mtaa uweze kuiona hesabu ya taka, ya ulinzi na ya viwanja vya wazi, na uweze kuzuia kiwanja cha watoto kisigeuzwe ghala. Kijiji kinapotangazwa kuwa mji, wananchi waulizwe kwanza, na haki zao za ardhi ziandikwe kabla ya siku hiyo, siyo baada yake. Vyanzo vya mapato vya mitaa navyo vikingwe, visihamishwe kila bajeti.

Tano ni la kwetu sisi wafanyakazi. Mwalimu, nesi, karani na fundi wa reli hupenda kusema kwamba mambo ya mtaa ni ya wazee na wasio na kazi. Wakisoma gazeti humlaumu waziri, lakini hawamjui mwenyekiti wao wa mtaa kwa sura. Ndugu, kama wewe uliyesoma huji, ni nani atakayeisoma ile taarifa akagundua kwamba jumla haijumliki? Asiyekuwapo na lake halipo. Tulipigania uhuru mikutanoni, chini ya miembe kama ile. Haustahili kupotea kwa kukosa watu wa kuketi.

Kabla ya kumaliza, msomaji atataka kujua habari za shamba la minazi. Mkutano wa pili uliitishwa baada ya wiki tatu. Habari ya jina la saba ilikuwa imeenea kila nyumba, na safari hii watu walijaa mpaka barabarani. Wavuvi walikuja na ndoo zao. Muhtasari ule ulikataliwa kwa sauti moja, na mkutano ukaagiza shauri lipelekwe katika vyombo vya sheria. Shamba halijarudi. Mnunuzi ana karatasi zake, na shauri la ardhi huenda taratibu. Lakini siku ile taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa yote, mstari kwa mstari, kwa saa mbili na nusu, na yule mama alikuwa ameketi mbele, akihesabu kwa vidole.